Begi la Nyuma ya Mlango

Siku waliyomchukua Herminia mimi nilikuwa mjini nimeachama mdomo, fundi akinivalisha meno mapya ya bandia. Ndiyo maana hawakukuta mtu wa kuwazuia. Ningekuwepo ningemng'ata dereva wa manispaa hata kwa fizi tupu, na mtaa wetu mzima unajua kwamba fizi zangu ziliwahi kufungua chupa ya mvinyo mbele ya padri.

Niliporudi, midomo bado ina ganzi, nilikuta mlango wa Herminia umetiwa kufuli ambalo si letu. Sisi wawili tunakaa ukuta kwa ukuta tangu enzi za majenerali. Tulitoboa mlango katikati ya nyumba zetu ili tusihangaike kupita nje na masufuria. Nilipoingia kwangu na kuusukuma mlango huo wa kati, haukwenda. Walikuwa wameupigilia ubao upande wake.

Nikatoka nje. Don Eleuterio wa nyumba ya pili alikuwa kibarazani na redio yake.

"Wamemchukua, Azucena," akasema kabla sijauliza. "Gari la manispaa. Binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni amegonga, akataja jina, Herminia akatoka."

"Jina gani?"

Akajikuna kidevu. "Lile la kwenye karatasi."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Mimi nilikuwa nasikiliza mpira."

"Na yeye? Hakupiga kelele? Hakumrushia mtu kitu?"

"Hata. Amechukua begi lake akapanda gari. Tena amewaambia ahsante."

Niliposikia habari ya begi nilikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, na sketi yangu nyeupe.

Nieleze. Mimi na Herminia ni katika wale walioandikwa wavulana siku ya kuzaliwa, halafu wakakataa. Hapa Tucumán, Argentina, wanatuita matravesti. Walitutupia neno hilo kama jiwe, tukaliokota tukalivaa kama kidani. Sasa, kulikuwa na sheria ya polisi, imefutwa juzi tu ukiiuliza mifupa yangu, iliyosema kwamba mtu aliyeandikwa mwanamume akionekana barabarani na gauni, anawekwa ndani mwezi mzima. Hakuna hakimu wala wakili. Askari mwenyewe anaandika, mwenyewe anahukumu, mwenyewe anakula chakula ulicholetewa. Mimi nimekamatwa nikinunua mkate. Nimekamatwa mazishini nikiwa nimebeba jeneza. Na mara moja nilikamatwa nikiwa nimeshakamatwa: askari wa kituo kingine walitaka kuninyang'anya, wakapigana ngumi wao kwa wao, mimi ndiye niliyewaamulia. Hiyo ya mwisho unaweza kuipunguza kidogo.

Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na begi nyuma ya mlango. Ndani yake sabuni, taulo, chupi, kandambili, wembe kwa ajili ya ndevu, sindano na uzi. Wakija kukuchukua hupewi nafasi ya kutafuta kitu, basi unanyoosha mkono unalishika begi unakwenda. Sheria imefutwa, mabegi tumeyafungua, mimi langu nimelifanya la vitunguu. Herminia hakulifungua lake. Kila mwaka anabadilisha sabuni.

Na ndani nako kulikuwa na adabu yake, ambayo wakubwa waliwafundisha wadogo. Wakiita jina la karatasi, itika. Wakikukata nywele, inama. Usiombe kitu, usilalamike, usionyeshe kwamba unamjua mtu. Aliyebishana alitoka amevunjwa mbavu, na wengine hawakutoka. Tuliokaa kimya ndio tuliozeeka, na tuliozeeka hatujazi meza moja.

Sasa hivi kichwa cha Herminia kimeanza kuchanganya miaka. Asubuhi anajua bei ya nyanya, jioni ananiuliza kama Jenerali bado yupo. Wiki ile alisahau jiko la gesi wazi, jirani akasikia harufu, akapiga simu manispaa. Ndipo wakaja. Mtu anagonga mlango, ana kitambulisho shingoni, gari la serikali liko nyuma yake, analitaja jina la kwenye karatasi. Herminia alijua huyo ni nani. Akanyoosha mkono akachukua begi.

Kesho yake nilikwenda Makao ya Wazee ya Mtakatifu Pankrasi, nimevaa hereni zangu za vita. Afisa ustawi wa jamii aliyemchukua alinipokea vizuri mno. Anaitwa Noelia Abregú, kijana, amesoma, nywele zimefungwa nyuma, na mezani kwake kuna kibendera cha rangi za upinde wa mvua kimechomekwa kwenye kikombe cha kalamu. Nilipokiona hicho kibendera nilidhani kazi imekwisha.

"Karibu sana, Bi Azucena. Habari zako nimezisikia," akasema. "Wewe ndiye uliyecheza mbele ya mfalme wa Uswidi?"

"Wa Norwei. Nimekuja kumchukua Herminia."

"Rosendo Juárez," akasema, akiangalia karatasi yake. "Wewe ni ndugu yake?"

"Tumefungwa pingu moja, mkono wangu na mkono wake, tukalala hivyo. Inatosha kuwa udugu?"

Akatabasamu kama wanavyonitabasamia wote. Hiyo ndiyo shida ya kuwa na mdomo kama wangu. Umewachekesha watu miaka yote, siku unayosema kitu kilichokukata, wanakungojea ufike kwenye kichekesho.

"Naelewa ukaribu wenu," akasema. "Ila kwa taratibu zetu mzee huyu anaishi peke yake na hana familia. Halafu, Bi Azucena, alikuwa tayari. Nilimkuta amejiandaa, begi limefungwa, sabuni ndani, taulo ndani. Wengine tunawabembeleza wiki nzima. Nimeandika kwamba amekuja kwa hiari yake."

Nikamweleza begi. Nilimweleza lote, bila kuongeza chumvi, jambo ambalo lilinipa kizunguzungu. Akanisikiliza ameinamisha kichwa upande.

"Ni kisa kizuri sana," akasema.

"Si kisa."

"Alipofika hapa niliita Rosendo akaitika. Nikamwuliza kama ana shida yoyote, akasema hana, bwana."

"Amekuita bwana?"

"Wazee huchanganya."

"Umemlaza wapi?"

Hapo akashika kalamu yake. "Bweni la wanaume. Kitambulisho kinasema hivyo. Sheria naijua, Bi Azucena, nimehudhuria semina mbili. Mtu akiomba aitwe jina lake alilolichagua, nalazimika kumwita papo hapo, hata kama karatasi zake hajazibadilisha. Lakini lazima aombe. Angeomba ningembadilishia bweni saa hiyo hiyo. Hajaomba. Ametulia, anakula, anaitika. Nikimlazimisha kuwa kitu ambacho hajasema, si nitakuwa namwonea?"

Liangalieni jambo hili, maana mimi liliniwasha mpaka usiku. Sheria tumeipigania sisi. Tumelala kwenye ngazi za bunge, tumetemewa mate, tumezika wenzetu njiani. Na sasa huyu binti anaishika hiyo hiyo sheria kama mwavuli, amejifunika nayo, anatwambia tungoje mfungwa aombe. Akaniambia pia kwamba kamati inakaa Alhamisi. Ikipitisha, Herminia anakaa pale moja kwa moja, na nyumba yake, ambayo ni ya manispaa, inapewa mtu mwingine.

"Mwone mwenyewe," akasema. "Utatulia roho."

Nikamwona. Walikuwa wamemkalisha kwenye benchi uani. Nywele zake, ambazo alizipaka rangi ya zabibu kila mwisho wa mwezi kwenye karai langu, zilikuwa zimenyolewa zote. Kwa ajili ya usafi, mhudumu alisema. Amevaa pajama ya mistari ya kiume. Mikono juu ya magoti, macho chini. Mtu asiyejua angesema, tazama mzee huyu alivyo na amani.

Nikaketi kando yake. Hakugeuka.

"Usikae karibu," akanong'ona, midomo haichezi. "Watakuweka na wewe. Umeleta sabuni?"

"Herminia, mwenzangu, hapa si kituoni. Haya ni makao ya wazee."

"Zamu ya nani leo? Yule mwenye upara au yule anayepiga?"

"Hakuna anayepiga. Kuna binti mmoja ofisini. Mwambie jina lako tu. Mwambie unataka kwenda nyumbani, basi."

Sasa ndipo akanitazama, kwa hasira niliyoijua, kwa sababu alikuwa ni yeye kabisa aliyekuwa akitazama.

"Una wazimu? Humu mimi ni Rosendo. Si wewe uliyenifundisha?"

Nilimfundisha, ndiyo. Alikuwa msichana wa juzi kutoka mashamba ya miwa, analia kwa sauti, na mimi ndiye niliyemziba mdomo kwa kiganja. Nisingemfundisha nisingekuwa na mtu wa kumfuata Pankrasi.

Nikaenda kwa Tiara. Tiara ndiye anayeongoza chama chetu siku hizi, mwanamke wa miraba minne, amesoma sheria jioni huku akiuza nguo mchana. Nilipomweleza, alivunja penseli aliyokuwa nayo.

"Kibendera kwenye kikombe," akasema. "Na pajama ya mistari."

"Na nywele."

"Kesho tunakwenda na ngoma, mama. Na televisheni."

Tukaenda. Tulikuwa wengi getini, mabango, vipaza sauti, empanada za moto, hizo sambusa zetu, kwenye kitambaa, maana hatuandamani na njaa. Ngoma zilipigwa mpaka njiwa wa Mtakatifu Pankrasi walihamia parokia nyingine. Mwandishi wa televisheni alinihoji, nikamwambia nina miaka hamsini na minane, akaandika bila kucheka, kijana mwenye malezi.

Kisha mlinzi akaja getini, anakuna kofia. "Jamani, sijui kama mnajua. Yule mzee wenu ameingia uvunguni mwa kitanda. Amesikia kelele akaona na sare yangu. Anasema msako umeanza, wenzake wajifiche. Ameshawaingiza wazee wawili uvunguni pamoja naye."

Tiara alinyanyua mkono mmoja, ngoma zikakatika. Hakubishana. Hakusema kwamba televisheni bado ipo. Aligeuka akawaambia wenzake, kwa sauti ya chini, "Tumekosea. Wekeni vitu chini, kaeni kivulini, mtu asiimbe." Nimewaona viongozi wengi, wengine wakiwa na sanamu zao, ambao hawakuwahi kulisema hilo neno la kwanza.

"Sasa mama?" akaniuliza.

"Sasa atatolewa na aliyemweka," nikasema. Maana ndivyo ilivyokuwa. Kule selo hakuna aliyekubali kutoka kwa kuitwa na mwenzake getini. Unatoka askari akikuambia toka. Ukitoka kabla, ni kutoroka, na ukitoroka unajua mwenyewe.

Tukaingia ofisini, mimi na Tiara. Noelia Abregú alikuwa amesimama dirishani, uso umemshuka.

"Mmemtisha," akasema.

"Kweli, tumemtisha, na tumenyamaza," Tiara akamjibu. "Na nyinyi je, mnanyamaza lini?"

"Nenda kamwachilie," nikamwambia Noelia.

"Bi Azucena, hajakamatwa."

"Basi itakuwa rahisi. Nenda ukamwambie."

"Siwezi kumwingilia mgonjwa kwenye ndoto zake nikacheza naye. Anaamini yuko gerezani. Kazi yangu ni kumrudisha kwenye ukweli."

Nadhani ni hapo meno mapya yalipong'oka, au nilitaka yang'oke nimrushie. Sikupiga kelele. Nilisimama, nikayashika makali ya meza yake.

"Sikiliza, binti yangu. Umegonga mlango wa mtu ukiwa na gari la serikali. Umemwita jina ambalo hajaitwa kwa wema hata siku moja. Umemtoa kwake, umempigilia ubao mlango wa kwenda kwa mwenzake. Mmemnyoa nywele, mmempa pajama ya mistari na kitanda chenye namba, mmemfungia na wanaume, na kote huko hakuna aliyemwuliza swali hata moja ila kama yeye ni Rosendo. Halafu unaniambia anaota. Katika jengo hili lote, ni yeye peke yake anayejua yuko wapi."

Aliketi. Nje wazee walikuwa wanaburuta viti kwenda kula.

"Aliniambia ahsante," akasema mwishowe, kana kwamba hilo ndilo lililomuuma.

"Sote tulisema ahsante," nikasema. "Usiposema, unapigwa."

"Kama ningejua habari ya begi..."

"Ulielezwa jana ukasema ni kisa kizuri," Tiara akasema. "Mama hakuwa na cheti, ndiyo shida. Cheti cha kukaa mwezi mmoja selo hakitolewi."

Noelia akainuka. Sina hakika alikuwa ameelewa, ila alikuwa ameona aibu, na kwa siku ile mimi niliipokea aibu kama malipo ya kwanza.

Bwenini, Herminia alikuwa bado uvunguni. Wale wazee wawili walikuwa naye, wamelala kifudifudi, mmoja ameshika mkono wake. Noelia akasimama kando ya kitanda.

"Bwana Rosendo, unaruhusiwa kwenda."

Herminia akatoka haraka, akasimama wima, mikono ubavuni. Hakusogea. Mimi nilijua sababu. Zamani walikuwa wanakuambia nenda, ukifika kona wanakukamata upya, kwa mchezo tu, wakibeti utafika wapi.

"Anangoja nini?" Noelia akaninong'oneza.

"Vua hicho cha shingoni."

Akakivua kitambulisho, hakujua akiweke wapi, Tiara akakipokea.

"Sasa keti. Hapo kitandani, uwe chini yake. Na umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Wewe ndiye uliyesomea," nikasema, na sikumsaidia zaidi ya hapo. Niliamua heri nife na jibu mdomoni kuliko kumpa.

Akaketi. Herminia akaona binti aliyekaa, hana kitambulisho, nywele zimeanza kumtoka kwenye kibanio. Alimtazama kama mtu anayetafuta alikoficha rungu.

"Mama," Noelia akasema. "Mama, mimi nilikuja kwako bila kukuuliza. Unaitwa nani?"

Herminia akanitazama mimi. Sikutikisa kichwa, sikukonyeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuamulia askari. Mhudumu mmoja alisimama mlangoni na sinia la supu, supu ikapoa.

"Herminia del Valle Juárez," akasema. Alisema kwa sauti ya ofisini, jina kamili, kama anayetaka liandikwe sawasawa.

"Na unataka kulala wapi leo, Mama Herminia?"

"Kwangu. Kwani nalala wapi siku zote?"

Basi, ni hilo tu. Kwa hilo tulipiga ngoma, tukaleta televisheni, mwanamke akanyolewa kichwa. Alhamisi kamati ilikaa ikafuta kila kitu, na nimeambiwa kwamba kwenye taarifa yao wameliita jambo lile mafanikio ya mbinu mpya. Mbinu mpya. Sisi tunaulizana majina tangu kabla mama zao hawajapata hedhi.

Siku ile ile tulimvisha gauni alilolileta Tiara na kitambaa cha kichwa, tukatoka naye polepole mpaka getini. Noelia alitusindikiza. Pale getini Herminia akasimama. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anakusanya.

Nilisahau kusema kwamba anayetoka hatoki peke yake. Kalamu haikuruhusiwa ndani, kwa hiyo aliyeachiliwa aliwabeba wengine kichwani, akifika nje anawasema wote, nani yuko wapi, anaumwa nini, mama yake apelekewe habari gani. Herminia amesahau gesi. Hili hajalisahau.

"Wa kitanda cha mlangoni ni Basilio," akaanza kuniambia. "Si kiziwi. Wanampigia kelele, yeye amechoka tu kujibu. Evaristo ana binti kule mji wa Salta, aliambiwa baba anakuja hapa wiki moja, hajui kwamba wamemwacha moja kwa moja. Mwenye blanketi la kijani hanywi maji mchana kwa sababu usiku hakuna wa kumpeleka chooni, na akilowesha wanamsema. Apelekwe chooni, atakunywa."

Noelia alikuwa ameshatoa kalamu. Herminia akafunga mdomo papo hapo, akatazama chini, mikono ikashuka ubavuni.

"Iweke," nikamwambia Noelia.

"Nitasahau, Bi Azucena."

"Basi sikiliza vizuri."

Akairudisha kalamu mfukoni. Herminia akangoja mpaka mkono ukatoka mtupu.

"Na wa dirishani," akasema, safari hii akimwambia yeye, si mimi, "ana jina lake jingine. Aliniambia uvunguni. Hilo si langu kulisema. Nenda ukamuulize."

Noelia akageuka akarudi ndani. Tiara akauliza kama tuite gari. Nikamwambia bado. Nilikaa pale getini juani, na Herminia kando yangu, nikautazama mlango wa bweni, kwa sababu bado sikumwamini yule binti.